Mtu wa Kumwachia Zuhura

Tangu nirudi, kila anayeingia chumbani kwetu hapa International City anaanza na swali moja: Amerika ikoje? Mwanaidi wa Mombasa, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu, amekwisha kunikatia tamaa.

"Yaani umetoka Dubai mpaka States, alafu picha zote ni theluji na sahani?" aliniambia. "Hata gorofa moja hukuona?"

Sikuona, Mwanaidi. Ghorofa ninazo hapa nikifungua dirisha. Nilikokwenda, jengo refu kuliko yote ni ghala la mahindi, na watu wa mji mzima hawajazi ghorofa mbili za jengo letu. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kimoja jikoni, kingine kwenye basi la kwenda metro. Nimekaa kitako niwaandikie yote, msome kwa zamu. Habari za viza na karatasi nitaziruka, kila mmoja wetu anazijua na hakuna anayezipenda.

Mdogo wangu Zuhura aliolewa Tanga na Shabani. Shabani akapata bahati nasibu ya viza, wakahamia Amerika, na mwishowe akapata kazi ya kuendesha lori la nafaka katika jimbo la Nebraska. Anaondoka Jumatatu, anarudi Alhamisi au Ijumaa. Zuhura anabaki peke yake katika mji ambao jina lake sitalitaja, kwa kuwa watu wake hawapendi kutangazwa. Alipokaribia kujifungua alinipigia simu akasema, "Dada, hapa nikifa watanijua kwa harufu." Alisema huku anacheka, lakini mimi ndiye niliyemlea, najua kicheko chake cha kweli.

Mama miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Akaniambia, "Saumu, nenda ukamkalie mwenzio arobaini." Nikamjibu nina likizo ya siku ishirini na moja tu. Akasema, "Nenda hivyo hivyo. Ukiona hana wa kuachiwa, mlete nyumbani."

Kwa wenzetu ambao kwao hakuna jambo hili: mwanamke akijifungua, kwetu hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hainui ndoo. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, anapewa uji wa pilipili manga, na daima yupo mwanamke mwingine wa kumshikia mtoto ili alale. Watu huona ni mambo ya kizamani, lakini mimi nimeona wanawake waliokosa arobaini zao, na nimeona waliozipata. Kwa hiyo nilipanda ndege nikiwa na hesabu moja kichwani. Siku zangu hazifiki arobaini. Zinazobaki, nani atazikaa?

Naif

Siku ya kuondoka nilikwenda soko la Naif asubuhi. Nilinunua pilipili manga, iliki, mdalasini, tangawizi ya unga, unga wa uwele, unga wa mchele wa vitumbua, doti mbili za khanga na kitambaa kizito cha mkaja. Nikaongeza fungu la mchaichai mbichi. Muuzaji aliuliza kama nafungua mgahawa. Nilimwambia nakwenda kuzalisha. Akanitia iliki nyingine kiganjani bila kupima, akasema, "Yalla, mtoto azaliwe kwa heri."

Msimamizi wangu kule Jebel Ali, ambako kazi yangu ni kuwafundisha wafanyakazi wageni kusoma namba za rafu za ghalani, alikuwa amenipa neno lake la mwisho: "Ishirini na moja, Saumu. Ya ishirini na mbili uko kazini, khalas." Sikumlaumu. Na yeye ana watu juu yake.

Chicago: siku iliyoliwa na theluji

Ndege ilikuwa ndefu mno, nikafika Chicago miguu imevimba. Pale kwenye ukaguzi ofisa mmoja kijana alifungua sanduku langu, akapanga vifuko vyote mezani kama duka. Akanusa unga wa uwele. Akauliza nani mgonjwa.

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wageni wa ghalani. Hakuna mgonjwa. Kuna mzazi. Mtoto akitoka, tumbo hubaki na baridi, na pilipili manga huitoa. Alinitazama, akaenda kumwita mwenzake wa kike. Nikafikiri nimekwisha. Yule mama alikuja, akasikiliza, kisha akauliza bakuli moja la uji linatiwa pilipili kiasi gani. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Akaandika kipimo mgongoni mwa kiganja chake. Walichonyang'anya ni mchaichai tu, kwa sababu majani mabichi hayaingii nchini mwao.

Ndege ya kwenda Omaha haikuruka. Theluji ilikuwa inaanguka vipande vya ukubwa wa pamba, na ubao wa safari ukageuka mwekundu wote. Siku nzima nilikaa pale na viatu vyangu vya ghalani. Mama mmoja anayesukuma viti vya wagonjwa alisikia nikizungumza na simu, akaja mbio. Alikuwa Mkongo.

"Weye mama, unaenda wapi na ile viatu?"

Nilipomtajia Nebraska alicheka mpaka akaegemea kiti chake cha magurudumu. "Kule baridi iko mubaya sana! Ngoja." Alirudi na soksi nene na mifuko miwili ya plastiki. Soksi, kisha mfuko, kisha kiatu. Alinivalisha mwenyewe, amepiga goti sakafuni, watu wanapita. Jina lake sikulishika vizuri kwa kelele za matangazo, na hilo linaniuma hadi leo.

Omaha mpaka geti la barabara

Nilifika Omaha siku ya tatu ya likizo yangu. Shabani ndiye angenipokea. Badala yake nilimkuta mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, amevaa koti la kiume na kitambaa cheupe juu ya jicho moja. Ameshika boksi lililoandikwa SAUMU kwa kalamu ya wino mzito.

Hivi ndivyo ilivyotokea. Lori la Shabani lilikuwa limezuiwa na theluji katika jimbo la jirani. Alimpigia bosi wake. Bosi alijua kwamba Darlene wa posta yuko Omaha, kwa sababu mji mzima ulijua Darlene amekwenda kwa daktari wa macho. Darlene hakuwahi kuzungumza na Zuhura zaidi ya "asante" ya kununua stempu. Lakini alikuja.

"Asante sana, madam," nilimwambia.

"Madam nani?" Aliangalia nyuma yake. "Hapa hakuna madam. Panda, kabla hawajafunga barabara."

Tulikwenda kwa pikapu yake muda wa saa mbili bila maneno ishirini. Pande zote nyeupe, hakuna nyumba, hakuna ngamia, hakuna kitu. Kila gari lililotoka mbele yetu, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Darlene naye aliinua chake. Hapa kwetu Dubai dereva akikuonyesha kidole unaandika namba yake uipeleke polisi. Baada ya gari la sita nikamuuliza watu hawa wote wanamdai nini.

"Hawanidai. Wanasema wameniona."

"Unawajua?"

"Huyo wa mwisho, hapana." Akafikiri. "Lakini ningetumbukia mtaroni, yeye ndiye angenitoa."

Mbele kidogo tukakuta barabara imefungwa kwa geti, geti la chuma kabisa, kama la kiwanda. Kando yake palikuwa na mgahawa umejaa madereva. Darlene aliagiza anachoagiza kila mtu: bakuli la maharagwe yenye nyama na pilipili, na pembeni mkate mtamu wa mdalasini wenye sukari juu. Wanauchovya ule mkate katika yale maharagwe. Nilifikiri mhudumu amekosea meza. Mimi nyama niliiacha, nikala mkate, na ulikuwa mtamu kweli. Chai yao msiniulize.

Tulikuwa katika saa ya tatu ya kungoja pale simu ya Darlene ilipolia. Alisikiliza, akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Dada yako ameshikwa na uchungu. Wamempeleka hospitali. Randy ndiye amempeleka."

"Randy ni daktari?"

"Randy anauza matairi."

Nilisimama. Nilitaka kutoka nitembee kwa miguu, na nadhani ningetembea. Darlene alinishika mkono akanieleza kwamba mji wao hauwezi kuajiri watu wa gari la wagonjwa, kwa hiyo gari linaendeshwa na wenyeji waliojitolea wakasomea kazi hiyo. Fundi matairi, mwalimu, mke wa mchungaji. Randy ameshika kazi hiyo miaka mingi. "Ana mikono mizuri," alisema. "Kaa ule."

Nikakaa. Sikula. Saa moja baadaye simu ikalia tena. Mtoto wa kike, mama mzima.

Nililia kidogo, maana nilikuwa nimeapa kufika kabla. Kisha nikapangusa uso kwa karatasi ya mgahawa, nikaigeuza, nikaandika upya hesabu yangu. Nimebakiwa na siku kumi na sita za kukaa naye. Arobaini toa kumi na sita: ishirini na nne. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Hospitalini, kisha mjini

Geti lilipofunguliwa tulikwenda moja kwa moja hospitali, iliyo mwendo wa saa nzima kutoka mji wao. Nje ya chumba cha Zuhura, mwanamume mnene alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, kofia mikononi. Alikuwa Randy. Kazi yake iliisha zamani, lakini hakutaka kumwacha mgeni peke yake. Aliponiona aliinuka, akasema, "Basi, umefika," akavaa kofia akaenda.

Zuhura alinishika shingo hakuniachia. "Dada, nimeaibika. Yule mtu ananiuzia hewa ya tairi!"

Mtoto amepewa jina la Mama yetu, Mwanaasha.

Siku iliyofuata tukaenda nyumbani. Mji ni barabara moja. Kuna posta inayofunguliwa saa nne tu kwa siku, kanisa, karakana ya Randy, duka moja linalouza petroli na mkate na chambo cha samaki mahali pamoja, shule iliyofungwa, na yale maghala ya nafaka. Nyumba ya Zuhura ilikuwa na mapazia mazito, yote yamefungwa.

"Wanaangalia," alinieleza. "Nikipita wanainua vidole. Mwaka na nusu, dada, wananinyooshea vidole."

Nilimweleza maana yake kama Darlene alivyonieleza. Hakuamini. Nyuma ya mlango nikaona sanduku lake limekwisha kupangwa, na juu yake nguo za mtoto. Alikuwa anangoja mimi niseme tu twende nyumbani.

Sikusema. Nilimwambia, "Tuanze na maji ya moto."

Sahani

Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikakuta bakuli la oveni barazani, limefunikwa kwa karatasi ya bati, limezama nusu katika theluji. Hakuna mtu. Nililizunguka kama paka. Dubai kitu kilichoachwa peke yake mlangoni unampigia mlinzi. Zuhura aliniambia nisikiguse. Lakini chini ya bakuli palibandikwa plasta yenye jina la mtu, na mchawi haandiki jina lake.

Jioni yakaja mawili. Kesho yake matatu. Viazi na jibini, tambi na kuku, maharagwe mabichi yaliyopikwa mpaka yakasahau rangi yake. Moja lilikuwa na vipande vya nyama ya rangi ya waridi, nikajua ni nguruwe. Kutupa chakula siwezi. Nikampelekea Randy, ambaye hana mke. Sikujua kwamba lile bakuli ni la dada yake. Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari, na tangu siku hiyo kila sahani ilikuja na kikaratasi: *Hakuna nguruwe.* Nyingine iliandikwa hivyo juu ya keki.

Zuhura alikuwa anaumia. "Wanatuonea huruma. Wanatuletea kama omba omba."

"Basi tusiwe omba omba," nilimjibu. "Sahani ya jirani inarudije?"

Alijua jibu, tumefundishwa na mama mmoja. Hairudi tupu.

Nikawasha jiko. Nilipika vitumbua kwa tui la kopo, kachori, visheti, chapati. Kila adhuhuri Zuhura na mtoto wakilala, nilivaa khanga juu ya koti, mifuko ya plastiki ndani ya viatu, nikatembea nyumba kwa nyumba na sahani za watu. Watu walisogea madirishani kunitazama, maana katika mji ule hakuna anayetembea kwa miguu. Hata kutoka kanisani kwenda posta, ng'ambo ya barabara, wanawasha gari.

Nawaambia ukweli, nia yangu haikuwa sahani peke yake. Nilikuwa natafuta mtu. Kila mlango uliofunguliwa nilitazama: huyu ana watoto wadogo, hana nafasi. Huyu mgonjwa. Huyu mikono yake laini. Huyu anazungumza mno, mzazi hatalala. Nilikuwa na siku chache na sikutaka kurudi bila jina.

Lakini jambo la ajabu lilitokea. Sahani niliyorudisha Jumanne na vitumbua, Alhamisi ilikuwa barazani tena na keki. Nikairudisha na kachori. Ikaja na mkate. Randy, ambaye hapiki, alijaza yake mayai mabichi kumi na nane. Nikamjazia chapati. Akaleta mayai mengine. Friji ikajaa, nikaanza kuweka vyakula barazani kwenye theluji, na bado nilipika, maana nilikuwa nimeapa hakuna sahani ya mtu itakayotoka nyumba ile tupu. Hata Shabani, aliporudi wikiendi, alisimama mlangoni hana pa kukanyaga.

"Shemeji," alisema, "tumefungua hoteli?"

Darlene anatumwa

Siku ya kumi na moja ya arobaini, posta ilipofungwa, Darlene alikuja. Kitambaa cha jicho kilikuwa kimetoka. Mkononi alishika sahani yake mwenyewe, yenye visheti vyangu, havijaguswa.

"Saumu, kaa chini. Nimetumwa na watu."

"Kuna nini, madam?"

"Kwanza hilo neno. Pili, hizi sahani." Aliiweka mezani. "Kwetu mwanamke akizaa, tunamletea chakula ili asipike. Sahani anairudisha imeoshwa, basi. Sasa zenu zinarudi na chakula. Watu wanafikiri hawakuleta cha kutosha. Dada yake Randy anadhani bado mmekasirika kwa ile nyama, amepika mara tatu kuomba radhi. Na wewe unajibu! Oveni za mji huu hazijapoa tangu wiki iliyopita."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake si wa kucheka. Nikamweleza pole pole. Kwetu, sahani ya jirani ikirudi tupu, ni kama umemwambia tumemalizana. Unatia chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Maana yake mlango uko wazi.

Darlene aliitazama sahani yake kwa muda.

"Kwa hiyo hii haina mwisho."

"Haina."

"Mungu wangu," alisema. "Na friza yangu imejaa."

Hapo tukacheka sote wawili. Akala kisheti kimoja, kisha cha pili. Akauliza mbona ananiona kila siku nabeba ndoo za maji ya moto kutoka jikoni. Nikamweleza arobaini, jinsi nilivyowaeleza nyinyi hapo juu. Alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Na zimebaki ngapi?"

"Zangu tano. Za Zuhura ishirini na tisa."

Watu wa mji ule ukimya hauwatishi, wanaukalia kama kiti. Kisha Darlene akasema, akitazama dirishani:

"Nimezaa wanne. Wa tatu alikuja Machi, ng'ombe wanazaa, mume wangu yuko zizini usiku na mchana. Theluji ilitufunga siku kumi na moja. Nilikula vya makopo. Nilimwogesha mtoto kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika ukuta nisianguke. Sikumwambia mtu, maana kila mtu alikuwa na ng'ombe wake." Akasafisha koo. "Hakuna aliyenihesabia siku."

Ndipo sauti ikatoka chumbani, kwa Kiswahili:

"Dada. Mwambie aingie."

Alikuwa Zuhura, yule aliyeniambia bora akae bila kukandwa kuliko kumvulia mgeni khanga. Alikuwa amesikia yote.

Siku tano zilizobaki nilimfundisha Darlene. Aliandika kila kitu nyuma ya fomu za posta: maji ya moto lakini yasichome, taulo ikamuliwe, anza kiunoni, funga mkaja mzazi akiwa amelala. Mara ya kwanza alikanda kwa nguvu mpaka Zuhura akapiga kelele. "Samahani," alisema Darlene, "nimezoea ng'ombe." Zuhura alicheka. Kicheko chake cha kweli. Miezi mingi nilikuwa sijakisikia.

Darlene alipoonja uji mara ya kwanza alisema hili ni rojo la kumwagia viazi. Kisha pilipili ikamshika, akatoa koti, akatoa na sweta, akaomba bakuli la pili.

Siku moja kabla ya safari alibandika karatasi kwenye dirisha la posta, kando ya bei za stempu. Mistari ishirini na nne, na kila mstari nafasi mbili: chakula, na kumshika mtoto. Kukanda alijiwekea mwenyewe. Kufika saa ya kufunga mistari yote ilikuwa na majina. Randy aliandika: *Sijui kupika. Mayai. Na kuondoa theluji.*

Bado palikuwa na Mama. Nilimpigia simu ya video, nikamweka Darlene mbele. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Walitazamana, bibi wa Tanga na bibi wa Nebraska, wote wamesogeza uso karibu mno na simu.

"Mwambie anionyeshe mikono," alisema Mama.

Nikatafsiri. Darlene hakuuliza sababu. Aliinua mikono yote miwili, akaigeuza: viganja, kisha migongo. Vidole vinene, kimoja kimepinda kwa kuvunjika zamani, kucha fupi.

Mama aliitazama. Nilisikia jogoo akiwika kwake.

"Huyo amefanya kazi," alisema. "Mwache naye."

Nikageuka kumtazama Zuhura. Alimweka mtoto mapajani mwa Darlene, akaenda nyuma ya mlango, akaanza kutoa nguo za mtoto juu ya lile sanduku.

Kurudi

Darlene alinipeleka Omaha kwa pikapu ile ile. Safari hii barabara ilikuwa wazi. Magari yalipopishana nasi, madereva waliinua kidole, na mimi nikainua changu. Uwanjani alinikabidhi sahani yake ya kioo, imefungwa taulo, ndani mikate ya mdalasini. Jina lake liko chini kwenye plasta. Sikuweza kumkumbatia vizuri kwa unene wa makoti yetu. Ya ishirini na mbili nilikuwa Jebel Ali, nafundisha watu kusoma rafu.

Siku ya arobaini ilinikuta ndani ya metro, natoka kazini. Zuhura alipiga simu ya video. Alikuwa nje, jua linawaka juu ya theluji, Mwanaasha amefungwa kifuani kwa khanga ya Naif. Alikuwa anatembea, kwa miguu, kwenda posta. Gari likapita nyuma yake. Sikumwona dereva, lakini nilimwona Zuhura akiinua kidole kimoja, kama mtu aliyezaliwa pale, bila kukatisha maneno yake.

Mwanaidi, ile sahani ya kioo iliyo juu ya friji ndiyo hiyo. Tafadhali usiitilie biriani. Juzi uliniuliza kwa nini nisiitume kwa posta, kama mwenyewe anafanya kazi posta. Ukasahau kwamba kwenu Mombasa nako ungeipeleka mwenyewe, imejaa. Likizo ya mwaka ujao nimekwisha kuiomba. Cha kutia ndani bado natafakari. Nimeanza na iliki.